Hela Ilitangulia

Siku nilipompigia mama simu kumwambia nimenyimwa viza, aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza wamesemaje. Aliuliza, "Na hela wanarudisha lini?"

Nikamwambia hawarudishi.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika, maana mtandao wa kijijini kwetu unategemea umesimama upande gani wa mwembe. Halafu nikamsikia anacheka kidogo, kile kicheko cha kutoa pumzi. "Kumbe hela yetu imefika Ulaya," akasema. "Wewe ndiyo umebaki."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani tangu Septemba 2024. Nimejaribu kuyaandikia hadithi, yakakataa kuwa hadithi. Basi nayaleta hivi hivi.

Kwetu ni Kitaya, Mtwara, kwenye ukingo wa mto Ruvuma. Ukishuka kutoka kwenye nyumba, unapita mikorosho, unapita majaruba ya mpunga, unafika kwenye maji. Ng'ambo ni Msumbiji. Bibi yangu hakuwahi kuita Msumbiji hata mara moja. Mpaka anakufa alikuwa akisema "kwa Mreno", na Mreno mwenyewe alishaondoka tangu 1975. Bibi alizaliwa huko. Alivuka akiwa msichana, akaolewa Kitaya na babu, akamzaa mama na wajomba zangu wawili. Kabla ya hapo alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye alibaki ng'ambo kwa mjomba wake. Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Huyo ndiye mama mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa akija kwetu kila baada ya mavuno. Anakuja na ming'oko, na samaki wakavu, na khanga ambazo kwa sababu fulani zilikuwa na rangi kali kuliko za kwetu. Anakaa wiki mbili, anagombana na mama kuhusu chumvi kwenye mboga, anaondoka. Sisi watoto tulikuwa tunamsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Nauli ilikuwa chochote ulicho nacho. Nakumbuka siku moja alilipa mahindi mawili ya kuchoma, na mwenye mtumbwi akala moja hapo hapo kabla hajasukuma.

Sitaki mtu afikiri nauimba mto kama pepo. Una mamba, una viboko, umeua watu wa kwetu wengi. Wala mpaka si jambo la jana: Mjerumani na Mreno waliugawana mto huu karne ya kumi na tisa, bila kumuuliza bibi ya bibi yangu. Ninachosema ni kwamba kuvuka hakukuwa na bei. Vita ya Msumbiji ilipoanza Septemba 1964, watu walivuka kwa maelfu kuja upande wetu, wengine na mikeka kichwani, na mama anakumbuka akiwa mdogo kuambiwa ajifiche chini ya mikorosho kila akisikia ndege. Walipokelewa. Wakapewa mahali pa kulima. Hakuna aliyeambiwa asubiri namba ya malipo.

Bei ilikuja baadaye, na ilikuja kwa jina zuri.

Tarehe 31 Januari 2018, Rais Magufuli alizindua pasipoti ya kielektroniki Dar es Salaam. Ile ya zamani ilikuwa shilingi 50,000. Hii mpya ikawa 150,000: elfu ishirini ya fomu, laki na elfu thelathini ya kijitabu chenyewe. Mara tatu. Sababu zilizotolewa zilieleweka, kwamba ina usalama zaidi, ni ngumu kuighushi, ina chipu. Sina ugomvi na chipu. Lakini wakati ule ule tukaambiwa pasipoti za zamani mwisho wake ni Januari 2020, hata kama ndani imeandikwa tarehe nyingine.

Kaka yangu alikuwa na ile ya zamani. Aliikata 2016 kwa elfu hamsini, na aliikata kwa sababu ya heshima zaidi kuliko lazima, maana alikuwa anafanya biashara ya samaki wakavu na mchele kati ya kwetu na Palma, na alitaka apite Kilambo kwenye kituo rasmi, agongewe muhuri kama watu. Mtanzania haombi viza kuingia Msumbiji kutembea, kinachotakiwa ni pasipoti. Alikuwa anaionyesha ile mihuri mpaka kwenye vilabu vya uraka. "Mimi si mtu wa mtumbwi," anasema. Pasipoti yake ilikuwa na miaka sita mbele yake ilipokufa.

Alipoambiwa mpya ni laki na nusu, alifanya hesabu ambayo kila mtu wa kwetu huifanya, hesabu ya korosho. Mwaka 2018 ndio ule mwaka wafanyabiashara walikuja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuzisomba. Kwa bei hiyo, pasipoti ya zamani ilikuwa kilo kumi na tano. Mpya ilikuwa kilo arobaini na tano. Na hizo kilo zenyewe wakati huo zilikuwa ghalani, hela haijaja, wengine walisubiri miezi.

Kaka akasema, basi. Akarudi kwenye mtumbwi.

Hili ndilo jambo ambalo watu wanaopanga ada hawalioni kutoka mezani, au wanaliona na kulipita. Ukipandisha bei ya kupita mlangoni, wale wenye sababu ya kweli ya kupita hawabaki nyumbani. Mtu mwenye dada ng'ambo, mwenye shamba la mpunga ng'ambo, mwenye deni la samaki ng'ambo, hawezi kubaki. Anapita dirishani. Na akipita dirishani, wewe mwenye mlango hujui tena nani yuko ndani ya nyumba yako. Ile pasipoti iliyotengenezwa kwa ajili ya usalama, kwa kaka yangu ilimtoa kwenye daftari la usalama kabisa. Zamani alikuwa na muhuri wa tarehe aliyotoka na tarehe aliyorudi. Kuanzia 2020 hakuwa na chochote.

Na ulikuwa mwaka mbaya wa kutokuwa na chochote. Mapigano ya Cabo Delgado yalikuwa yameanza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia. Juni 2019 wakulima wa kwetu waliuawa wakiwa kwenye mashamba ng'ambo ya mto. Halafu Oktoba 2020 wakaja Kitaya kwenyewe, usiku. Sitasimulia usiku ule. Nilikuwa mjini Mtwara, mama alikuwa nyumbani, na alichonisimulia alinisimulia mara moja akaniambia nisimuulize tena. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Familia nyingi zilihama, na mama alikaa kwangu miezi saba, kwenye chumba kimoja, akilalamikia bei ya kuni mjini.

Baada ya hapo kila asiye na karatasi akawa na la kujibu. Wanajeshi walikuja, na sisi tulifurahi walivyokuja, niseme ukweli. Lakini kaka yangu alikamatwa ng'ambo mwaka uliofuata akiwa na magunia mawili ya samaki, akalala ndani siku mbili, na alichotoa ili arudi kilizidi bei ya pasipoti mbili. Tangu hapo hajavuka. Anaendesha bodaboda Nanyamba.

Mimi pasipoti nilikuwa nayo. Niliikata 2019, mshahara wa kwanza wa shule binafsi niliyokuwa nafundisha, bila safari yoyote, kwa sababu tu niliona aibu kujiita mwandishi na sina pasipoti. Mnacheka? Wengi wenu mnaosoma hapa mnajua aibu hiyo. Tunasoma vitabu vya watu waliosafiri. Tunamsoma Gurnah, tunamkuta Saleh Omar anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine na kisanduku cha udi, na tunaelewa kabisa kwa nini alichukua vyote viwili, tukiwa tumekaa Mtwara na hatujawahi kufika hata Nairobi.

Pasipoti yangu ilikaa kwenye bahasha miaka mitano. Mwaka 2024, mwezi wa tano, nikapata barua: hadithi yangu fupi imechaguliwa, nimealikwa warsha ya waandishi siku tisa, nchi moja ya Ulaya iliyomo ndani ya Schengen. Walinilipia malazi na chakula, na tiketi wangenirudishia nikifika. Viza, bima na safari ya kwenda kuombea Dar ni juu yangu. Niliposoma hiyo barua nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili.

Ada ya viza ya Schengen ilikuwa yuro 60 kwa miaka mingi. Februari 2020 ikawa 80. Mwezi mmoja baada ya barua yangu, tarehe 11 Juni 2024, ikawa 90. Kwa mtu wa huko, ongezeko la yuro kumi ni chakula cha mchana. Hata mimi niliposoma tangazo niliona si kitu, mpaka nilipozidisha. Yuro 90 kwa wakati ule zilikuwa kama laki mbili na sitini za kwetu. Halafu kuna bima, lazima. Kuna basi la Mtwara kwenda Dar na kurudi, maana alama za vidole hazitumwi kwa simu. Kuna kulala. Kuna taarifa ya benki yenye muhuri, inayotakiwa kuonyesha nina hela, na benki yenyewe inanikata hela kunichapia hiyo taarifa ya kwamba nina hela.

Sikuwa na hela. Shule ilikuwa inadaiwa na wazazi, na mimi nilikuwa naidai shule. Nikampigia mama.

Sasa hapa lazima nieleze kangomba, kwa wasomaji wa bara. Korosho kisheria inauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, inapimwa, inakwenda ghalani, inapigwa mnada, hela inakuja baadaye. Kangomba ni yule anayekuja nyumbani kwako kabla ya yote hayo, mwezi wa saba au wa nane, mikorosho ikiwa bado ina maua, anakupa hela taslimu leo kwa korosho ambayo haijazaliwa. Bei anapanga yeye. Ni kosa, na kila mwaka viongozi wanalikemea jukwaani, na kila mwaka yupo, kwa sababu shida za watu hazisubiri mnada. Shida ya mtoto kufukuzwa shule haisubiri. Shida ya mgonjwa haisubiri. Na sasa ikaongezeka shida ya mtoto aliyealikwa Ulaya.

Mama aliuza gunia mbili na nusu, kilo mia mbili, kwa 1,800. Laki tatu na sitini. Alinitumia kwa simu, akaongeza elfu tano ya kutolea. Oktoba minada ilipofunguliwa, bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Fanya hesabu mwenyewe. Kwenye karatasi ya yule mhudumu wa viza imeandikwa yuro 90. Kwenye shamba la mama, viza ile na mizigo yake ilikula korosho ya karibu laki nane.

Nikaenda Dar. Nikapanga foleni, nikatoa vidole, nikalipa. Baada ya wiki tatu jibu likaja kwenye bahasha: fomu moja yenye orodha ya visanduku, na alama ya vema kwenye kisanduku kimoja. Kuna mashaka kuhusu nia yangu ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Sina mke, sina nyumba kwa jina langu, mshahara wangu unaingia siku unapotaka. Kama ningekuwa mimi ndiye afisa, labda na mimi ningetia vema hapo hapo. Hilo silipingi sana. Kinachonikera ni kwamba jibu la ndiyo na jibu la hapana yana bei moja. Fundi akishindwa kukushonea suruali, hata kama ni mkorofi vipi, kitambaa anakurudishia.

Nina rafiki tuliyesoma naye, yuko Leicester, anafanya kazi ghalani, anaishi kwa kibali cha ndoa. Nilipomlalamikia yuro zangu 90 alicheka mpaka akakohoa. Uingereza, akaniambia, unalipa ada ya kibali, halafu unalipa tozo ya afya juu yake, kwa kila mwaka wa kibali, yote kwa mkupuo. Ilianza pauni 200 mwaka 2015. Februari 2024 ilipanda kutoka 624 mpaka 1,035. Kibali chake ni cha miaka miwili na nusu. Piga. Tena kwenye mshahara anakatwa kodi na bima ya taifa kama wenzake wote, kwa hiyo hospitali ile ile anailipia mara mbili. Alikuwa amepanga kuja kuzika baba yake mwaka huo, akachagua kibali.

Kilichonishangaza zaidi ni kesi aliyoniambia niitafute. Kumwandikisha mtoto aliyezaliwa au kukulia Uingereza kuwa raia ilikuwa pauni 1,012, wakati serikali yenyewe ilikubali kwamba kazi hiyo inaigharimu pauni 372. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ikasema ada ile iliwekwa bila kuangalia maslahi ya mtoto. Yaani katikati ya hizo namba mbili kuna pauni 640 ambazo mtoto anailipa serikali kwa ajili ya kitu kingine. Marekani nao wanasema ofisi yao ya uhamiaji haili kodi ya wananchi, inajiendesha kwa ada za waombaji wenyewe, na ndiyo maana ombi la uraia lililokuwa dola 330 lilirukia 595 mwaka 2007, na sasa ni 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi. Kwa maneno mengine, anayebisha hodi ndiye analipia mlango, bawaba, na mshahara wa mlinzi.

Na tusijifanye ni Wazungu peke yao. Mgeni akitaka kuja kwetu tunamtoza dola hamsini, Mmarekani dola mia. Kenya, Novemba 2023, walitangaza kupandisha pasipoti kutoka 4,500 hadi 7,500, na kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure, kiwe shilingi elfu moja. Watu wakaenda mahakamani, kitambulisho kikashuka mpaka mia tatu. Huko huko Kenya wapo Wamakonde wenzetu, watu wa Kwale, ambao babu zao walitoka Msumbiji kwenda kukata mkonge na miwa enzi za Mwingereza. Walikaa miaka zaidi ya sabini bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kwenda kumwona Rais Kenyatta. Wakakubaliwa, wakawa kabila la arobaini na tatu. Nilipoisoma habari ile nilimsomea bibi, alikuwa bado hai. Akauliza, "Walitembea kwenda kuomba wawe watu?" Sikujua nimjibu nini.

Lakini nilikuwa namzungumzia mama.

Wiki moja baada ya viza kukataliwa, mama mkubwa alifariki. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, alikimbia na wajukuu, akazunguka kambini, akarudi kijijini kwake akiwa amechoka mwili. Aliugua muda mrefu. Habari ilitufikia siku ya tatu, kwa simu ya mfanyabiashara mmoja aliyewahi kufanya kazi na kaka. Alikuwa ameshazikwa siku ile ile, kama desturi yetu Waislamu. Mama hakulia kwenye simu. Alisema, "Basi nitawahi arobaini."

Arobaini ingeangukia mwisho wa Oktoba. Kaka akasema atamtafutia mtumbwi, mtu mwaminifu, usiku mmoja tu. Mama alimkatalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. "Mimi mtu mzima. Nikamatwe kama mwizi kwenye msiba wa dada yangu?" Alitaka kupita Kilambo. Alitaka muhuri. Nadhani ile mihuri ya kaka ilikuwa imemwingia kuliko tulivyojua.

Nikaanza kuuliza. Pasipoti, laki na nusu. Ipo hati ya dharura, nafuu zaidi, lakini nayo inataka ujulikane wewe ni nani. Mama ana namba ya kitambulisho cha taifa, kadi yenyewe hajawahi kuiona. Cheti cha kuzaliwa hana. Cheti cha mzazi wake hakipo, babu hakuwahi kuwa nacho, na bibi ndiyo kabisa. Kila kisichokuwepo kina njia yake ya kutengenezwa: kiapo kwa wakili, barua ya mtendaji, safari ya wilayani, picha, safari nyingine kwa sababu picha ina rangi isiyotakiwa. Nilijumlisha kwenye karatasi, nikapata kama laki tatu na nusu.

Nikaitazama ile namba. Laki tatu na nusu. Mama alikuwa nayo mwezi wa nane.

Nilikopa kwa walimu wenzangu, nikapata laki na kidogo. Korosho iliyobaki ilikuwa imeshapelekwa chama cha msingi, hela bado. Arobaini ikapita. Mama alichinja kuku wawili nyumbani Kitaya, akaita majirani, wakasoma, wakala wali. Jioni alishuka peke yake mpaka kwenye majaruba, akasimama pale ambapo zamani mtumbwi ulikuwa unafungwa. Kaka ndiye aliyeniambia, mimi sikuwepo. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili.

Zamani nilizoea kusema kwamba Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014 raia wao wanavuka kwa kitambulisho tu, na kwamba kitambulisho cha kwanza kwetu ni bure, kwa hiyo dawa ipo na inajulikana. Bado nasema hivyo. Ila siku hizi nikisema nasikia sauti yangu inakuwa ya mtu anayeandika makala. Mtu anayeandika makala alichukua kilo mia mbili za korosho za mama yake akazipeleka mahali ambapo hazirudi, na hakuna waziri wala balozi aliyemlazimisha. Ada ilikuwa kubwa, ndiyo. Nami nilijua ni kubwa, nikampigia.

Mama hajawahi kunilaumu. Ananitania tu. Wageni wakija anawaambia, "Huyu ana hela Ulaya."

Msimu huu ameamua kukata pasipoti. Hajasema anakwenda wapi. Kaburi lipo, wajukuu wa mama mkubwa wapo, na mdogo kati yao, nasikia, anafanana na bibi. Cheti chake cha kuzaliwa tumekipata baada ya safari tatu. Jumapili iliyopita nilikuwa Kitaya, nikafungua fomu kwenye simu, tumekaa chini ya mwembe upande ule wenye mtandao. Jina, tukajaza. Tarehe, tukajaza, ile ya kukadiria. Baba, mahali alipozaliwa: Kitaya. Tukafika kwa mama yake.

"Andika Kitaya," akasema.

Nikamtazama. Akatazama upande wa mto.

"Bibi alizaliwa ng'ambo, mama."

"Najua alikozaliwa mama yangu."

Nikamweleza kwamba uraia wake ni wa baba yake, haupungui kwa kusema kweli. Nikamweleza pia, kwa sababu nilitaka niwe mkweli, kwamba ukiandika ng'ambo unaweza kuitwa kwa maswali, na kila swali lina nauli yake. Na ukiandika Kitaya umetoa taarifa ya uongo kwa serikali. Alisikiliza yote. Halafu akauliza, ikiwa wataita kwa maswali, ile laki na nusu inarudi?

Simu ikawa imebaki na chaji kidogo. Nikaihifadhi fomu kama ilivyo, sehemu hiyo ikiwa wazi. Mama akainuka akachukua ndoo, akaenda kuokota korosho za chini kabla mbuzi hawajafika.